Nembo za skwadroni za anga: mwongozo kamili wa kukusanya, kukagua na kuandika historia zake kwa aliyeko Mwanza

Robota la majaketi likifunguliwa kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja, mikono ya wateja hukimbilia zipu na bitana. Mkusanyaji wa nembo hutazama kifua kwanza. Hapo ndipo marubani na mafundi wa ndege wa karne iliyopita walipozoea kushona alama ya skwadroni yao, yaani kikosi chao cha ndege za kijeshi: fuvu, tai, radi, simba, mara nyingine katuni.

Kazi yote inasimama juu ya jambo moja: kila nembo ina tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kitambaa, yaani uzi, ukingo na mgongo wake vinasema ilishonwa enzi gani. Ya pili ni ya kikosi, yaani lini skwadroni hiyo iliundwa, lini ilibeba jina hilo, lini ilitumia alama hiyo. Tarehe hizo mbili zikikutana, una nembo ya kweli mkononi. Zisipokutana, umeshika ukumbusho ulioshonwa baadaye, au bandia. Anayejua kitambaa tu hudanganywa na kitambaa kizee kilichobuniwa alama, na anayejua historia tu hudanganywa na alama sahihi iliyodariziwa mwaka jana.

Sheria kabla ya kununua

Sheria ya Tanzania hairuhusu raia kuvaa wala kukaa na sare za jeshi. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare zake au mavazi yanayofanana nazo wayasalimishe. Kwa hiyo nembo, vyeo na sare za JWTZ, Polisi na vikosi vingine vya nchini haviingii kwenye mkusanyo wako, hata ukiletewa bure. Nguo ya mabaka, hata ya jeshi la nje, iache sokoni pamoja na nembo yake. Nembo za kigeni zikae kwenye boksi au fremu. Usizishone upya kwenye nguo wala usizivae. Ukiwa na shaka na kitu fulani, uliza polisi kabla hujatoa hela. Na usielekeze kamera upande wa jeshi wa uwanja wa ndege, hata kama nia yako ni historia.

Historia ya anga ya hapa kwetu ina njia nyingine ya kukusanywa. Mwaka 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikusudia kuishambulia Mwanza, shambulio likaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kwa habari kama hizo kusanya magazeti ya wakati ule na masimulizi ya wazee walioshuhudia, yakiwa na tarehe na jina la mtaa.

Chagua uwanja mdogo

Anayenunua kila kinachong'aa hujaza boksi asijue ana nini. Chagua nchi moja, kipindi kimoja au aina moja ya ndege, na ujifunze mpaka ukiona jina la skwadroni ujue kama liliwahi kuwepo.

Kwa mtu wa kanda ya Ziwa, uwanja wenye utamu ni skwadroni zilizopita Afrika Mashariki. Skwadroni ya 26 ya Uingereza, iliyoundwa na watu wa Afrika Kusini, ilifika Mombasa Januari 1916 na kupigana na Wajerumani katika nchi hii. Skwadroni ya 259 iliruka na ndege za majini aina ya Catalina kutoka Kipevu, Mombasa, kuanzia Februari 1943, ikahamia Dar es Salaam mwaka huohuo, na kuvunjwa Aprili 1945. Ya 208 ilikuwa Eastleigh, Nairobi, na ndege za kivita za Hunter mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwa lenyewe lina sura yake katika hadithi hii, ingawa ni ya kiraia: tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilifungua safari ya London hadi Mwanza, na kipande cha kusini kutoka Khartoum kiliendeshwa kwa ndege za kutua majini aina ya Short Calcutta.

Uwanja huo una mtego wake, nao tutaurudia: kuwa na historia hapa si kuwa na nembo ya kitambaa.

Wengine huchagua Marekani, kwa sababu majaketi yake ndiyo mengi kwenye mitumba na kumbukumbu zake ziko wazi. Si uchaguzi wa kivivu. Mtu anayeanza hujifunza haraka zaidi pale penye vitu vingi vya kushika.

Vifaa

Huhitaji vingi. Lenzi ya kukuza mara 10. Rula ya milimita. Kibano chenye ncha butu. Vipande vya kitambaa cheupe cha pamba. Kaunta buku moja na kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukidondokea kitambaa hautoki. Tochi ya UV kama zile za kukagulia noti, lakini soma lebo yake: inayofaa ni ya nanomita 365. Za bei rahisi nyingi ni 395, na hizo hutoa mwanga wa zambarau unaofunika kile unachotaka kukiona. Ongeza kipimo kidogo cha unyevu wa hewa cha kuweka ndani ya boksi. Kwa hali ya hewa ya kando ya ziwa, hicho kina thamani kuliko lenzi.

Kutafuta

Anzia Mlango Mmoja na Makoroboi. Uliza wauzaji siku wanayofungua robota la majaketi mazito, ya ngozi na ya nailoni. Muuzaji anayejua unachotaka ni bora kuliko kuzunguka mwenyewe kila siku: mtumie picha tatu kwenye simu, mpe kiwango cha malipo ya kukuwekea kando, na ulipe hata mara ile alichokuwekea si chenyewe. Mwombe jambo moja tu, asikate wala kufumua chochote.

Ukikuta jaketi la kijeshi la Marekani, geuza ndani usome lebo. Namba ya mkataba huandikwa kwa mfano wa DSA100-68-C, ikifuatiwa na tarakimu nyingine. Hiyo 68 ni mwaka wa fedha wa mkataba, yaani 1968. Herufi DSA ni za wakala wa ugavi wa majeshi ya Marekani. Zilitumika hadi 1977, wakala huo ulipobadilishwa jina, na baada ya hapo utaona DLA. Namba ya ghala yenye tarakimu 11 ni ya kabla ya mabadiliko ya 1974. Yenye tarakimu 13 ni ya baadaye. Ikianza na 8415 ni nguo, ikianza na 8455 ni beji. Lebo inakupa umri wa jaketi, haikupi umri wa nembo. Jaketi la 1968 liliweza kuvaliwa miaka 15 na kubadilishiwa nembo mara tatu.

Majaketi ya mtindo, yaliyoshonewa madukani ili yafanane na ya marubani, ndiyo yanayowapotosha wengi. Yanajulikana kwa kusoma nembo zote kwa pamoja. Jaketi la mtu mmoja husimulia kazi ya mtu mmoja: skwadroni yake, kamandi iliyo juu yake, kibandiko cha jina. La mtindo hukusanya nembo za majeshi matatu, za miaka isiyokutana, zimejaa hadi mikononi, na mara nyingi zimedariziwa moja kwa moja kwenye kitambaa cha jaketi.

Ukinunua kutoka nje kwa njia ya mtandao, omba picha nne: mbele, nyuma, ukingo kwa karibu, na moja yenye rula. Muuzaji anayekataa kuonyesha mgongo wa nembo muache. Nembo moja haina uzito, kwa hiyo itumwe kama barua iliyosajiliwa kwenye S.L.P. yako. Maelezo yaandikwe kwa ukweli: beji ya kitambaa, kuukuu, ya mkusanyo, na bei uliyolipa. Chapa risiti ya malipo uende nayo Posta, maana afisa wa TRA akikosa ushahidi wa bei atakadiria mwenyewe.

Kusoma kitambaa

Fanya ukaguzi kwa mpangilio uleule kila mara: ukingo, mgongo, uzi, mwanga, uchakavu. Ukirukaruka utaona unachotaka kukiona.

Ukingo. Nembo za Marekani za Vita vya Pili vya Dunia na za miaka ya 1950 kwa kawaida zilikatwa tu kwa mkasi au mashine pembezoni mwa udarizi. Ukingo wake ni mwembamba na nyuzi za kitambaa huchungulia. Ukingo mnene wa mviringo kama kamba, uliofumwa kwa mashine ya Merrow, ulienea miaka ya 1960. Ugeuze nyuma utaona mahali ulipoishia, mkia mdogo wa nyuzi uliobanwa au kugundishwa. Nembo yenye ukingo huo inayouzwa kama ya 1943 haihitaji mjadala zaidi. Kinyume chake hakithibitishi kitu: ukingo wa Merrow haupiti vizuri kwenye kona za kuingia ndani, hivyo nembo zenye maumbo ya ajabu hukatwa mpaka leo. Pitisha kidole: uliokatwa kwa joto siku hizi ni mgumu, kama plastiki iliyoyeyuka ikaganda.

Mgongo. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mashine za kudarizi za Schiffli, ambazo Isaak Gröbli alizianzisha Uswisi mwaka 1863, hutumia nyuzi mbili kama cherehani ya kawaida, wa juu na wa chini. Kwenye nembo za zamani utauona uzi wa chini ukitawala mgongo, mara nyingi wa rangi moja, na wakati mwingine shashi nyembamba ya pamba iliyowekwa kushikilia kazi. Udarizi wa kompyuta una mpangilio ulio sawa mno, unaruka kutoka herufi hadi herufi kwa njia ileile, na nyuma huacha mabaki ya karatasi laini nyeupe iliyochanwa. Ukikuta nembo mbili za "zamani" zenye mruko uleule wa uzi mahali palepale, zimetoka kwenye faili moja. Mgongo uliopakwa plastiki ya kubandika kwa pasi nao si wa enzi za vita.

Katika vita vya Vietnam nembo nyingi zilishonwa na mafundi wa huko Vietnam, Thailand, Japani na Okinawa, kwa cherehani ya mkono. Hizo haziko sawasawa, herufi zimepinda, Kiingereza kina makosa. Usizikatae kwa ubaya wa kazi. Ubaya wa kazi ya mkono una uhai wake, kila mshono una urefu tofauti. Wa bandia unajirudia.

Za uwanja wa China, Burma na India, 1942 hadi 1945, nyingi zilifanywa na mafundi wa Kihindi kwa ngozi iliyokatwa na kupakwa rangi, au kwa nyuzi za metali. Nyuzi za metali za kweli huwa nyeusi au kijani kidogo kwenye mikunjo. Zinazong'aa kote baada ya miaka 80, jiulize zilikaa wapi.

Uzi. Pamba, sufu na rayoni ndizo nyuzi za wakati wa vita. Poliesta iliingia sokoni kwa wingi miaka ya 1950. Kwa lenzi, pamba ina manyoya mafupi na mng'ao mdogo, rayoni inateleza na kung'aa laini, poliesta ni nyororo na imekaza. Ukibaki na shaka, vuta uzi uliojilegeza wenyewe nyuma, milimita 5 zinatosha, ushike kwa kibano juu ya sahani ya maji na uwashe. Pamba na rayoni huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Kama hakuna uzi uliolegea, acha jaribio hili, usikate.

Mwanga. Gizani, elekeza tochi ya UV. Nyuzi mpya nyingi zina kemikali za kung'arisha na zitawaka samawati-nyeupe. Pamba ya kabla ya 1945 hubaki imefifia. Jaribio hili linapendwa kupita kiasi. Sabuni za unga za leo zina kemikali hizohizo, na nguo ya mtumba huenda imefuliwa mara nyingi kabla ya kuingia robotani, kwa hiyo nembo halali ya 1944 inaweza kuwaka. Angalia inavyowaka: iliyofuliwa huwaka kwa ukungu, kote, pamoja na kitambaa; uzi mpya huwaka mstari kwa mstari, rangi moja ikiwaka na nyingine haiwaki. Nembo isiyowaka nayo haijathibitishwa, maana waigaji wanajua kununua pamba isiyo na kemikali hizo.

Uchakavu. Nembo iliyovaliwa huchakaa pale inapogusana na kitu: upande wa mkanda wa usalama, chini karibu na zipu. Mashimo ya sindano hufuata ukingo, na rangi chini ya mshono wa zamani ni mbichi kuliko pembeni. Iliyochemshwa kwenye chai ili izeeke ina rangi moja ya kahawia hata ndani ya mashimo.

Kusoma kikosi

Anza na umbo. Kwa utaratibu wa Jeshi la Anga la Marekani, skwadroni hutumia duara, na vikosi vya juu yake hutumia ngao. Ngao yenye jina la skwadroni inahitaji maelezo. Nembo nyingi za Wamarekani za wakati wa Vita vya Pili hazikuwa na maandishi kabisa. Utepe wenye jina chini ya duara ni desturi ya baadaye.

Kisha jina. Majina ya vikosi hubadilika kwa tarehe zinazojulikana, na hapo ndipo bandia nyingi hukamatwa. Hadi Mei 1942 skwadroni za ndege za kivita za Marekani ziliitwa "Pursuit Squadron", baada ya hapo "Fighter Squadron". "Tactical Fighter Squadron" ni kati ya 1958 na 1991 hivi. Kamandi ya SAC (Strategic Air Command, ya ndege za mabomu) iliishi kuanzia 1946 hadi Juni 1992. MATS, ya usafirishaji wa kijeshi kwa ndege, 1948 hadi 1966, ikafuatiwa na MAC mpaka 1992. Andika orodha hii ndani ya jalada la daftari lako. Nembo yenye maneno "Tactical Fighter Squadron" na ndege ya Vita vya Pili imejihukumu yenyewe.

Uingereza ina saa yake nzuri: taji. Utaratibu rasmi wa beji za skwadroni ulianza 1936. Mpaka enzi ya Mfalme George VI, aliyefariki 1952, taji ni la Tudor, lenye matao yaliyoinuka. Enzi ya Malkia Elizabeth II ni taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake yamebonyea katikati. Lakini Mfalme Charles III amelirudisha taji la Tudor, kwa hiyo tangu 2022 taji la kale halimaanishi tena kitambaa cha kale. Wauzaji wengi hawajalijua hilo, na wengine wanalijua vizuri mno.

Sasa mtego ulioahidiwa. Marubani wa Uingereza wa Vita vya Pili kwa kawaida hawakuvaa nembo za kitambaa za skwadroni. Desturi hiyo ilishika baada ya vita, kwenye ovaroli za kurukia. Wajerumani nao walipaka alama za vikosi kwenye ndege zao zaidi ya kuzivaa. Kwa hiyo ukiuziwa nembo ya kitambaa ya Skwadroni ya 259 "ya 1943", kumbuka kwamba kikosi kilikuwepo, beji kilikuwa nayo, na kaulimbiu yake ni ya Kiswahili, "Haya ingia napigane", lakini nembo ya kushona kifuani haikutarajiwa. Inunue kwa bei ya ukumbusho kama unaipenda, na uandike hivyo. Kaulimbiu iandike kama ilivyo. Kiswahili chake kinakwaruza sikio la leo, na nembo ambayo fundi ameisahihisha imekwambia imeshonwa na mtu wa siku hizi. Vivyo hivyo Skwadroni ya 26: ilikuwa hapa 1916, lakini beji yake yenye kichwa cha springbok, swala wa Afrika Kusini, ni tunda la utaratibu wa 1936. Hakuna askari wa kampeni ya Tanganyika aliyeivaa.

Baada ya jina, fuata nasaba. Alama na kikosi havisafiri pamoja siku zote. Mfano ulio wazi ni fuvu na mifupa la "Jolly Rogers" wa Jeshi la Majini la Marekani. Lilianza na skwadroni VF-17, iliyoundwa Januari 1943. VF-17 ikawa VF-5B, kisha VF-61, ikavunjwa 1959. VF-84 ilikuwa imeundwa 1955 kwa jina jingine kabisa. Ikalichukua fuvu hilo karibu 1960. VF-84 ilipovunjwa 1995, VF-103 ikalirithi. Skwadroni tatu zisizo na nasaba moja, alama moja. Ukiandika kwamba nembo ya VF-84 ni ya kikosi kilichopigana Visiwa vya Solomon, umempa mtu vita vya mwenzake. Herufi zenyewe husaidia: V ni ndege zenye mabawa yasiyozunguka, F ya kivita, A ya mashambulizi, P ya doria, na M ikiingia ni kikosi cha Marine Corps, si Jeshi la Majini lenyewe.

Kumbukumbu zinapatikana bila kutoka Mwanza. Taasisi ya utafiti wa historia ya Jeshi la Anga la Marekani, iliyoko kambi ya Maxwell, Alabama, huweka wazi nasaba za vikosi: kuundwa, kubadilishwa jina, vituo, ndege, na maelezo ya nembo pamoja na tarehe ya kuidhinishwa. Hiyo tarehe ya kuidhinishwa inakiliwe kwanza. Kwa Uingereza, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, ina daftari za kazi za skwadroni chini ya namba AIR 27. Fomu 540 ni muhtasari wa matukio ya kila siku. Fomu 541 inataja ndege, wafanyakazi wake, saa ya kuruka na kurudi. Daftari za vituo ziko AIR 28, na za Vita vya Kwanza AIR 1.

Soma kwa swali moja moja. Nembo inaonyesha ndege gani? Kikosi kilikuwa nayo miaka gani? Kilikuwa kituo gani miaka hiyo, na je, kituo hicho kinaelezea aina ya ushonaji? Kikosi kilichokaa Thailand 1967 chenye nembo ya mkono ya Kithai kinaeleweka. Kikosi ambacho hakikutoka Marekani chenye nembo ya namna hiyo hakieleweki, mpaka uonyeshwe sababu. Tafuta angalau kumbukumbu mbili zisizonakiliana. Kurasa nyingi za mtandaoni hunukuu kosa moja kwa maneno yaleyale.

Kufumua au kuacha

Jaketi likiwa na nembo, jina la mtu na lebo inayosomeka, usifumue. Vitu hivyo vitatu vikiwa pamoja ni hati. Vikitengana ni nguo na beji. Fumua pale tu jaketi limeoza au lina ukungu unaosambaa. Piga picha kwanza, pima umbali kutoka kwenye zipu na kutoka begani, kisha kata uzi wa kushonea kutoka upande wa bitana, mshono mmoja mmoja. Usivute. Hifadhi uzi wa kushonea kwenye kipakti chenye namba ya nembo. Wenyewe una tarehe yake.

Ukungu, nondo na mwanga

Kando ya ziwa, ukungu ndiye adui. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, kuvu huota. Lenga 45 hadi 55. Masika, chumba cha chini chenye ukuta unaotoa maji hakifai hata kidogo. Tumia boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, chembe za silika gramu 200 kwa boksi la lita 10, na kipimo cha unyevu ndani. Chagua silika inayobadilika kutoka rangi ya chungwa. Ile ya samawati ina kobalti. Ikishachoka, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 3. Kipimo kikishuka chini ya 40, punguza chembe, kwa sababu ngozi itapasuka. Mchele uliofungwa kwenye kitambaa haukaushi vya kutosha, na unaita mende.

Nembo za sufu na felti huliwa na viwavi wa nondo. Kila iliyotoka robotani ifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa itolewe, iwekwe kwenye friza lenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ikitoka, iache saa 24 bila kufungua ili matone ya maji yatande nje ya mfuko. Friza la samaki linafaa kama mifuko imefungwa kweli. Harufu ya sangara kwenye felti haiishi. Ngozi iliyopakwa rangi isigandishwe, rangi hupasuka. Naftalini nayo isiguse nembo wala plastiki.

Kuhusu kufua, jibu la kawaida ni usifue. Funika nembo kwa chandarua safi na uvute vumbi kwa mashine iliyopunguzwa nguvu. Ikilazimu, weka tone moja la maji nyuma ya kila rangi, ukandamize kitambaa cheupe kwa sekunde 30. Rangi yoyote ikihama, acha. Maji yawe ya sindano, ya chupa ndogo za famasi. Usinunue maji ya betri, kwa sababu chupa ya asidi hufanana nayo na kosa moja linamaliza kila kitu. Felti, ngozi na nyuzi za metali haziguswi na maji. Pasi haigusi chochote.

Albamu za PVC hutoa mvuke wa tindikali na kuifanya nembo inate. Kujua plastiki, pasha waya wa shaba uwe mwekundu, uguse nao plastiki, urudishe kwenye moto: mwali wa kijani ni dalili ya PVC. Fanya nje, penye upepo. Mifuko ya polipropilini ni salama. Nembo nyingi zina milimita 75 hadi 125, kwa hiyo kurasa za mifuko minne zinatosha. Za majaketi ya ngozi ni kubwa zaidi na zilale bapa kwenye droo. Za ukutani zikae mbali na dirisha, na kipimo kinachotumiwa na makumbusho kwa vitambaa ni luksi 50, yaani chumba chenye kigiza. Badilisha iliyo ukutani kila miezi mitatu.

Rejista

Kila nembo ipate namba siku inapoingia, iandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko, kamwe si kwenye kitambaa. Kadi moja iwe hivi:

NA-014. VF-84, Jeshi la Majini la Marekani. Fuvu na mifupa. Chini mchoro wa ndege ya kivita ya F-14. Milimita 101 kwa 98. Ukingo wa Merrow, mkia uko palipo namba 7 kwenye uso wa saa. Poliesta, UV inawaka njano na nyeupe. Imenunuliwa Mlango Mmoja, juu ya jaketi la nailoni, lebo DLA100-83. Kikosi: kilikuwa na F-14 kuanzia 1976, kilivunjwa 1995. Tarehe ya kitambaa: baada ya 1960. Uamuzi: 1976 hadi 1995, inakubalika.

Tenganisha ulichokiona na ulichoambiwa. "Muuzaji anasema ilikuwa ya rubani" ni sentensi ya kuambiwa na ikae kwenye mstari wake. Piga picha mbele na nyuma, uhifadhi nakala mahali pawili.

Utakapoanza kujulikana, wazee au wajukuu watakuletea vitu visivyo vya anga. Kichwa cheusi cha kifaru, kwa mfano, ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) waliivaa Burma mwaka 1944. Usikinunue kikiwa peke yake na karatasi zikabaki sandukuni. Wasaidie waandike jina la askari, namba yake na kijiji chake, wapige picha zote pamoja, na warudi navyo nyumbani.

Nembo ambayo tarehe zake mbili zimegoma kukutana usiitupe. Iandikie kadi, weka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi mahali pa uamuzi, na uiweke kwenye boksi lake. Kumbukumbu mpya zinazidi kuwekwa wazi, na huenda siku moja ukurasa wa Fomu 540 ukaitaja.